LUKU Inakwenda Mbio: Namna ya Kubana Uniti Katika Biashara Ndogo

"Fundi, hivi hii mita ni nzima kweli?" Simu zangu nyingi huanza hivyo. Mwenye grosari kanunua umeme wa elfu ishirini Jumatatu, Alhamisi asubuhi mita inapiga kelele. Kabla sijamaliza naye, anapiga mwenye saluni, halafu mwenye bucha, na kila mmoja anataka nimpe dawa papo hapo kwenye simu. Dawa ya namna hiyo sina. Nimeandika hatua zote mahali pamoja ili ukinipigia nikutumie usome kwanza, ufanye unachoweza kufanya mwenyewe, kisha tuongee.

Namwandikia mtu mwenye fremu moja au mbili, anayenunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa Tarifu 1, ambayo ndiyo ya biashara nyingi ndogo. Katika bei za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, za mwaka 2016, uniti ya tarifu hiyo ni shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti inakufikia kwa shilingi 356 hivi. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Hesabu zote humu zimetumia 356; bei yako ikiwa nyingine, weka yako.

Mara nyingi kinachopanda dukani ni idadi ya uniti zenyewe. Friji limezeeka, umeongeza la pili, joto la Desemba limeingia, na hakuna aliyesafisha chochote tangu siku ya ufunguzi. Juu ya hapo kuna petroli ya jenereta pale umeme unapokatika. Waliofanya biashara wakati wa mgao wa 2023 kuingia 2024 hawahitaji kukumbushwa.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Usiseme utakumbuka.
- Simu, kwa ajili ya kuhesabu sekunde na kupiga picha lebo za vifaa.
- Ujue mita yako ilipo. Kama iko juu ya nguzo na wewe una rimoti ya kuingizia tokeni tu, ulizia ofisi ya TANESCO namba za kubonyeza ili uone uniti zilizobaki. Namba hizo hutofautiana kati ya mita na mita, kwa hiyo usimwige jirani.
- Kipimajoto cha friji. Ni cha bei ndogo na utakitumia kila wiki.
- Brashi laini, tochi, sabuni ya maji, na noti moja ya shilingi elfu (utaona kazi yake).
- Ukiweza, kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonyesha wati na uniti. Kariakoo vipo. Si lazima, ila kinamaliza ubishi.
- Wiki moja ya subira.

Kazi yoyote ya kufungua soketi, breka au nyaya mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Hatua zilizobaki hazihitaji fundi.

Hatua ya 1: Soma mita siku saba, usibadilishe kitu

Andika uniti zilizobaki mara mbili kwa siku: unapofungua na unapofunga. Ukinunua umeme katikati, andika umeongeza ngapi. Baada ya wiki utakuwa na namba mbili, uniti za mchana na uniti za usiku duka likiwa limefungwa.

Namba ya usiku ndiyo watu hawajawahi kuiona. Hakuna mteja, hakuna televisheni, taa moja tu ya nje, na bado uniti tano zimeondoka. Hizo tano ndizo tutakazozifukuza.

Kosa la hapa ni kuruka hatua hii. Nami nililifanya nilipokuwa nafundishwa kazi: niliitwa na mwenye grosari analalamikia LUKU, nikambadilishia balbu zote siku hiyo hiyo, nikalipwa, nikaondoka nimejaa furaha. Mwezi uliofuata aliniita tena na safari hii hakuwa anacheka. Matumizi yalikuwa yale yale, kwa sababu balbu hazikuwa tatizo lake hata kidogo.

Hatua ya 2: Hesabu mimweko

Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayomweka. Pembeni yake pameandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa ikimweka mara hizo, uniti moja imekwisha. Hesabu mimweko ya dakika moja, zidisha kwa 60, gawanya kwa namba iliyoandikwa. Unapata kilowati zinazotumika wakati huo.

Mfano: mimweko 12 kwa dakika kwenye mita ya 1000. 12 × 60 = 720, gawanya kwa 1000 = 0.72, yaani wati 720. Mimweko hiyo hiyo kwenye mita ya 1600 ni wati 450.

Sasa chomoa kila kitu na uzime kila taa, lakini acha meni swichi ikiwa imewashwa. Taa ya mita inatakiwa itulie: izimike kabisa au iwake mfululizo bila kumweka. Ikiendelea kumweka, kuna kitu kinakula: pampu ya maji uliyoisahau, bango la taa juu ya paa, au waya unaovuja. Kisha zima na meni swichi. Ikimweka hata hapo, kuna mtu ameunganishwa kabla ya swichi yako. Usipande kukata mwenyewe. Ita fundi, na ikibidi TANESCO.

Hatua ya 3: Orodhesha kila kifaa na saa zake

Wati × saa ÷ 1,000 = uniti. Hesabu ni hiyo tu. Wati zimeandikwa kwenye lebo nyuma ya kifaa. Ukikuta amperi peke yake, zidisha kwa 230 upate makadirio. Kwa friji usiandike saa 24, kwa sababu kompresa huwaka na kupumzika. Lifuatilie saa moja uone inanguruma dakika ngapi.

Tuchukue grosari ya kawaida ya Dar:

- Mafriji mawili ya vioo, wati 350 kila moja, kila moja linanguruma saa 16 kwa siku: uniti 11.2
- Friza moja la kulala, wati 200, saa 14: uniti 2.8
- Televisheni, wati 80, saa 10: uniti 0.8
- Pangaboi moja, wati 70, saa 10: uniti 0.7
- Taa sita za LED, wati 10 kila moja, saa 7: uniti 0.4

Jumla ni karibu uniti 16 kwa siku, uniti 478 kwa mwezi, shilingi 170,000. Ndiyo maana elfu ishirini ya Jumatatu haifiki Ijumaa. Mita yake haina ubaya wowote. Sasa tazama mgawanyo. Katika kila shilingi mia anayolipa, themanini na nane zinaliwa na baridi. Mtu huyu akizima televisheni kwa hasira anaokoa chini ya shilingi 300 kwa siku.

Kwa saluni au gesti orodha itakuwa nyingine, na huko mlaji mkuu ni joto: maji ya moto, draya, pasi. Panga vifaa vyako kuanzia kinachokula zaidi, kisha fanya kazi kutoka juu kwenda chini. Usianzie chini.

Hatua ya 4: Baridi

Hapa ndipo nitakaa, maana hapa ndipo fedha ilipo.

*Sogeza friji.* Friji halitengenezi baridi, linachukua joto la ndani na kulitupa nje. Ukilibana ukutani, joto linakosa pa kwenda. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 nyuma, na usipange kreti ubavuni. Liondoe kwenye jua la alasiri la mlangoni na mbali na jiko la chipsi. Nimekuta friji limesimama mgongo kwa mgongo na jiko la chipsi, limetenganishwa na bati tu, na mwenyewe ananiuliza kama gesi imekwisha.

*Safisha kondensa.* Kwenye friji la nyumbani ni zile nyavu nyeusi nyuma. Kwenye friji la vioo mara nyingi imejificha chini, nyuma ya kifuniko chenye matundu, na ina feni. Chomoa umeme kwanza. Piga brashi taratibu kufuata mapezi bila kuyapinda, toa vumbi na manyoya yote. Barabara ya vumbi, kila wiki mbili; kwingine, kila mwezi. Kazi ni ya dakika ishirini, na katika mafriji ninayoitiwa, hii peke yake ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko yote.

*Jaribu mpira wa mlango kwa noti.* Funga mlango juu ya ile noti ya elfu, nusu ndani nusu nje, uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira haukamati na baridi inatoka hapo mchana na usiku. Rudia pande zote nne. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana mara nyingi ni uchafu wa soda tu. Ukiwa umejikunja, upashe moto taratibu kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto hadi ulainike na kurudi umbo. Ukiwa umechanika, nunua mwingine.

*Rudisha swichi ya baridi.* Watu huizungusha hadi 7 mwezi wa kwanza wa joto na haigusiki tena. Kwenye 7 kompresa haipumziki, barafu inajijenga ndani, barafu inaziba hewa, vinywaji vya juu vinabaki vuguvugu, na mwenye duka anasema "hata 7 haitoshi". Anza na 3 au 4, weka kipimajoto katikati ya rafu, rudi kesho. Soda na bia nyuzi 3 hadi 5 zinatosha. Nyama mbichi ya kuuza leo, kati ya 0 na 4. Vilivyogandishwa, 18 chini ya sifuri.

*Yeyusha barafu ya friza* ikifika unene wa nusu sentimita. Zima, hamisha vitu, acha mfuniko wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani. Usikwangue kwa kisu wala bisibisi. Mirija ya gesi iko pale pale chini ya barafu. Nimeziba mirija iliyotobolewa kwa visu vya bucha mara nyingi mno, na kila mara bili yangu imezidi umeme wa miezi kadhaa ambao mtu huyo angeokoa.

*Panga muda wa kujaza.* Kreti za moto zikiingia saa saba mchana, friji linapambana na joto la nje, milango inayofunguliwa na soda za moto kwa wakati mmoja. Jaza asubuhi na mapema au baada ya kufunga. Weka vinavyouzika sana usawa wa mkono, mteja asisimame mlango wazi akitafuta.

*Zima friji la vinywaji usiku, kama ni la vinywaji tu.* Soda na maji haviharibiki. Ukilizima unapofunga na kuliwasha saa moja au mbili kabla ya wateja, unaokoa uniti za kweli, kwa sababu friji lililopanda joto kidogo halivuti joto la nje kwa kasi ile ile. Ila huwezi kufanya yote mawili: ukijaza kreti za moto usiku, liache liwake, ukitaka kulizima, jaza asubuhi. Chagua moja kulingana na biashara yako. Usifanye hivi kwa maziwa, mtindi, nyama, samaki wala chakula kilichopikwa. Na ukilizima, subiri dakika tano kabla ya kuliwasha tena, ama kompresa inaweza kuungua.

Friji likiwa mali ya kampuni ya vinywaji, soma karatasi uliyosaini kabla ya kulifungua popote. Kusafisha vumbi hakuna atakayekukataza. Matengenezo mengine yaombe kwao, maana mara nyingi wana mafundi wao na hutalipa kitu.

Ukifanya haya, si ajabu kompresa iliyokuwa ikinguruma saa 16 ikashuka hadi 11. Kwa ile grosari yetu hiyo ni uniti 3.5 kwa siku kwa mafriji mawili, 105 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 37,000. Balbu sita za wati 20 ukizibadilisha ziwe za wati 10 zingekupa 4,500.

Hatua ya 5: Joto

Kifaa chochote kinachochemsha au kukausha kinakula kwa pupa, ila kwa muda mfupi. Hivyo la kuminya ni dakika.

Gesti: shawa ya umeme ya wati 5,000 kwa dakika kumi ni uniti 0.8, karibu shilingi 300. Wageni kumi wanaooga mara mbili ni karibu elfu sita kwa siku. Dar na Tanga maji ya tangi la juu tayari yana joto. Weka swichi ya shawa kwenye kiwango cha chini, na wageni wengi hawatagundua. Arusha, Mbeya au Iringa hilo halipiti, na huko ndiko hita ya maji ya jua inakolipa gharama yake.

Saluni: wakusanye wateja wa draya. Kofia moja ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ni shilingi 356, iwe kichwa kimekauka dakika ya arobaini au la. Weka saa ya kengele. Kausha maji kwa taulo kwanza, tena sana.

Dobi na mafundi cherehani: pasi moja kwa mpigo. Panga nguo zote za kupiga pasi, anza na zinazotaka moto mdogo, malizia na pamba. Dakika tano za mwisho chomoa, joto lililobaki linatosha leso na kola.

Mama lishe wa maharage: jiko la presha la umeme la wati 1,000 linapika nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja, kwa sababu likishapanda presha linawaka na kuzima. Linganisha na mkaa unaonunua sasa kwa siku. Chapati endelea nazo unavyozijua. Chai iweke kwenye chupa. Birika la wati 2,000 likichemsha maji yale yale mara sita, umelipa mara sita.

Hatua ya 6: Kiyoyozi

Kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho cha inveta (kisichobadilisha kasi ya kompresa chenyewe) kinavuta wati elfu moja na zaidi kikiwa kimeshika kazi. Kiweke nyuzi 25 au 26 na pangaboi likizunguka chini yake. Kuweka 16 hakupoozi chumba haraka, kunafanya tu mashine isipumzike. Osha chujio kila wiki mbili kwa maji na ulirudishe likiwa kavu.

Halafu funga mlango. Duka la nguo linalopooza barabara ya lami nimeliona mara nyingi; sababu yao ni kwamba mlango uliofungwa unafukuza wateja. Hispania mwaka 2022, bei za nishati zilipopaa, serikali ilikataza maduka kushusha ubaridi chini ya nyuzi 27 na ikawataka wenye viyoyozi waweke milango inayojifunga. Maduka yaliendelea kuuza. Mapazia ya plastiki ya vipande, kama ya kwenye bucha, yatakufaa.

Na kuhusu gesi: gesi ya kiyoyozi au ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Ikipungua, inavuja. Fundi anayekuja kila miezi mitatu "kuongeza gesi" bila kutafuta tundu anakuuzia bidhaa ile ile mara nne kwa mwaka.

Hatua ya 7: Taa

Badilisha za zamani ziwe LED kadiri zinavyoungua. Mirija ya futi nne ya wati 36 badilisha na ya LED ya wati 18. Paka dari rangi nyeupe. Basi.

Hatua ya 8: Mashine zenye mota

Mashine ya kusaga inayozunguka tupu ikisubiri wateja bado inakula. Kusanya madebe mawili matatu ndipo uwashe. Kaza mkanda: ukiwa umelegea unateleza, na ule unaonuka kuungua ndio umeme wako. Nyundo za ndani zikiisha makali, gunia moja linasagwa kwa muda mrefu zaidi.

Wachomeleaji: ile mashine nzito ya transfoma inavuta umeme hata ukiwa unapima bomba. Zima unapopima. Ukipata fedha, hamia mashine ya inveta.

Ukiwa mkubwa kiasi cha kupita uniti 7,500 kwa mwezi uko Tarifu 2, na hesabu yako inabadilika. Katika bei hizo hizo za 2016, uniti ni 195 kabla ya kodi, lakini unalipa pia zaidi ya shilingi 15,000 kwa kila kVA (kipimo cha mzigo unaovutwa kwa wakati mmoja) ya kilele chako cha mwezi. Hapo usiruhusu mota zote kufanya kazi nzito kwa wakati mmoja, zipishanishe. Na muulize fundi kuhusu kapasita za kurekebisha pawafakta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi). Kwako wewe zina maana.

Hatua ya 9: Soma mita siku saba tena

Rudia hatua ya kwanza kwa wiki isiyo na sikukuu, ulinganishe. Badilisha jambo moja kwa wiki ukiweza, ujue lipi lililosaidia. Matokeo yaandike ukutani karibu na meni swichi ili hata kijana wa zamu ayaone. Yeye ndiye anayefungua na kufunga mlango wa friji siku nzima.

Jenereta na sola

Lita moja ya petroli kwenye kajenereta kadogo kwa kawaida haitoi zaidi ya uniti mbili. Lita ikiwa shilingi 3,000, uniti yako ni 1,500 au zaidi, mara nne ya LUKU. Kwa hiyo umeme ukikatika, usiwashe jenereta kwa ajili ya friza mara moja. Friza lililojaa na lisilofunguliwa hukaa na baridi karibu siku nzima. Libandike karatasi "usifungue". Endesha jenereta saa mbili mbili badala ya usiku kucha. Nafasi tupu za friza zijaze chupa za maji, zitaganda na kushika baridi (na barafu inauzika). Jenereta ikae nje. Hewa ya sumu ndani ya moshi wake haina harufu na huua watu waliolala.

Sola ije mwisho. Paneli za kilowati moja kwa jua zuri zinatoa karibu uniti nne kwa siku. Ukizinunua kabla ya kubana, unalipia paneli na betri za kulisha friji lenye vumbi.

Usinunue, usijaribu

Kile kiboksi cha kuchomeka kwenye soketi kinachodaiwa kupunguza bili kwa nusu: ndani kuna kapasita ndogo na taa ya kijani. Mita ya LUKU inahesabu nguvu halisi, na kapasita hiyo haigusi hesabu yako. Na kuchepusha mita ni wizi wenye kesi, pia ni moto unaosubiri siku yake. Anayekushawishi hatakuwepo fremu ikiungua.

Mambo yakikwama

*Nikinunua umeme fedha inakatwa kabla ya uniti.* Ni kodi ya jengo. Kwa viwango vya Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa jengo la kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Usiponunua miezi miwili, itakatwa ya miwili. Kama umepanga, kubaliana na mwenye nyumba irudi kwenye kodi ya pango.

*Jirani wa nyumbani anapata uniti nyingi kwa fedha ile ile.* Yuko D1, ya nyumba zenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Biashara haistahili tarifu hiyo, usipoteze muda kuifukuzia.

*LUKU tunachangia fremu nne na mimi nina kinyozi tu.* Usibishane kwa maneno. Mwombe mwenye fremu kila mmoja afungiwe mita ndogo ya ndani na fundi, mlipe kwa uniti. Akikataa, tumia orodha ya hatua ya 3 kama msingi wa mchango.

*Friji limesafishwa na bado halipumziki.* Angalia feni ya ndani kama inazunguka, kisha barafu nyuma ya rafu, kisha umeme wenyewe. Jioni umeme ukiwa mdogo, kompresa inaguna bila kuwaka vizuri na kupata moto. Fundi apime volti saa mbili usiku, siyo saa nne asubuhi. Zikiwa chini sana, toa taarifa TANESCO, na wakati ukisubiri weka stablaiza inayolingana na friji.

*Soketi au plagi ina moto ukigusa.* Zima sasa. Kiungo kimelegea au ekstensheni imebebeshwa. Friji na friza visitumie ekstensheni moja.

*Nimefanya yote, uniti hazijashuka, mita ni mbovu.* Ipime kabla ya kuilaumu. Zima kila kitu, washa birika la wati 2,000 peke yake likiwa limejaa maji, hesabu mimweko ya dakika moja. Mita ya 1000 inatakiwa imweke mara 33 hivi, ya 1600 mara 53. Ikimweka chini kidogo ya hapo, ni volti ndogo, mita ni nzima. Ikipita kwa mbali, kwa mfano 45 kwenye mita ya 1000, rudia mara tatu, andika tarehe na saa, piga video, kisha peleka daftari lako TANESCO ukaombe mita ipimwe.